Naamshwa na mapigo ya moyo alfajiri, vipimo vyote viko sawa. Nifanyeje?

Mkimya77 (mleta mada): Wakuu, karibu kila siku saa kumi alfajiri nazinduka moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, mikono inatetemeka, pumzi haitoshi, naona kabisa nakufa. Nimepimwa umeme wa moyo, tezi ya shingo na sukari, yote sawa. Naomba kujua dawa ya hofu ambayo mtu haizoei. Pombe nakunywa kistaarabu tu.

Mchaji: Pombe na ustaarabu havijawahi kukaa meza moja. Acha, rudi ibadani.

Dudumizi: Moyo ukidunda shukuru mkuu. Siku ukinyamaza ndipo uanzishe uzi.

Kahawa Chungu: Hujataja kahawa. Saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha jioni unalala nacho. Kata kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu kuanzia mchana, wiki mbili. Likikushika, pumulia kwenye mfuko wa karatasi.

Zamu ya Usiku: Mfuko achaneni nao. Kama tatizo ni moyo au mapafu, unamnyima mtu oksijeni. Keti, vuta pumzi puani ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, dakika tano. Shambulio la hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Maumivu ya kifua yanayopanda taya au kushuka mkononi ni ya kukimbilia hospitali.
Mleta mada, "kistaarabu" si kipimo. Kiasi gani, unaacha saa ngapi, na hali hiyo hudumu muda gani?

Mkimya77: Bia mbili za nusu lita, naacha saa nne usiku. Hudumu hata saa mbili, mpaka nipate kitu kidogo.

Zamu ya Usiku: Kitu gani kidogo?

Mkimya77: Mbona mnanihoji kama polisi? Haya. Si bia, ni nusu chupa kubwa ya pombe kali kila usiku, mwaka wa pili huu. Alfajiri mafunda mawili ya kuzimua, natulia. Lakini hayo yameisha, nimeacha jana saa nne usiku, moja kwa moja. Kuna jamaa kaniuzia vidonge kumi vya diazepamu, dawa ya kutuliza. Kulazwa sitaki, kazini wakijua nimekwisha. Nilitaka tu kujua nimeze vingapi.

Mpiga Hesabu: Chai hii. Mililita 375 za asilimia 40 ni gramu 118 hivi za kileo. Mwili huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Ukimaliza saa nne usiku, saa kumi alfajiri bado umelewa. Arosto, yaani mwili kudai pombe uliyoizoea, inakupataje na pombe imejaa kwenye damu? Tena bia mbili zimegeuka chupa ndani ya jibu moja. Uzi ufungwe.

Zamu ya Usiku: Hesabu ni sahihi, hitimisho ndilo bovu. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na kuibana glutameti inayouchangamsha. Ikinywewa kila siku, ubongo hujirekebisha kinyume chake ili mtu aweze kusimama. Kiwango kikianza tu kushuka, breki hazishiki na gari liko mteremkoni. Hausubiri kifike sifuri. Wapo wanaotetemeka huku kipimo cha pumzi bado kinaonyesha pombe.
Na kutetemeka saa mbili halafu kukakoma kwa mafunda mawili, hiyo ni arosto. Ugonjwa wenyewe wa hofu hupimwa baada ya wiki nne hivi bila pombe, maana kwa wengi hofu hushuka yenyewe kufikia hapo.
Hata kama kabuni, kuna msomaji atakayemeza hivyo vidonge, kwa hiyo naandika. Diazepamu kweli hutumika hospitalini kwa kazi hii, ila dozi hufuata mapigo, presha na mtetemeko, vikipimwa kila saa chache, kisha hupunguzwa kwa siku kadhaa. Ikikutana na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Ya mtaani hata hujui ina nini ndani. Huko hupewa pia vitamini B1, na hutangulia dripu ya sukari, kwani sukari ikitangulia inaweza kuumiza ubongo uliopungukiwa. Kifafa cha arosto huja kati ya saa 6 na 48 tangu tone la mwisho; kuweweseka kunakoua, kuanzia saa 48 hivi. Mnywaji wa kiwango chako haachi ghafla akiwa peke yake.

Mpiga Hesabu: Sawa, ila ya bia mbili hajaijibu.

Mchaji: Mngeanza na ibada tusingefika huku.

Mkimya77: Nimeelewa. Ila Jumatatu nina ruhusa. Si nivumilie kwa kidonge kimoja kimoja hadi hapo?

Zamu ya Usiku: Kwako ni saa ngapi? Umetapika? Unaona au kusikia kitu ambacho wengine hawakioni wala kukisikia?

Mkimya77: Saa nne usiku. Nimetapika mara mbili. Kuona sijaona kitu, ila jirani anapiga muziki na nilipomgongea akakana.

Zamu ya Usiku: Saa 24 zimetimia na jirani hapigi muziki. Mwite huyo huyo jirani akupeleke idara ya dharura sasa hivi, wewe usishike usukani. Waambie kiasi ulichokuwa unakunywa na saa uliyoacha. Vidonge wabebee wavione, usimeze.