Lamu kwa wikendi moja tu: tupeane uzoefu

MtokaMvita
Assalam aleikum wadau. Nimefungua uzi huu manake kila nikisema naenda Lamu wikendi watu wananambia mbali huko, ngoja upate likizo. Mimi nasema usingoje. Naomba ruhusa Ijumaa, napanda basi la alfajiri hapa Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mchana niko Mokowe, hapo barabara imeishia baharini, nashuka nachukua boti ya abiria mpaka mjini kisiwani. Kitambulisho kiweke mfuko wa mbele, ukaguzi uko njiani na ukianza kukitafuta ndani ya begi abiria wote wanakungoja wewe. Sasa Jumapili basi linarudi mapema, kwa hiyo ukihesabu vizuri siku yako nzima ni Jumamosi peke yake. Swali langu kwa walioenda na kwa wenyeji: hiyo Jumamosi moja mliitumia vipi? Mimi yangu huipa mji wenyewe, asubuhi naingia ngomeni pale Mkunguni, ile ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 ikaja kuwa jela mpaka 1984, halafu napotea vichochoroni huko mtaa wa Mkomani bila kuuliza njia, ukipotea shuka tu upande wa mteremko utatokea baharini. Haya semeni.

MwanaAmu
Waleikum salaam ndugu, karibu tena Amu, ndo Lamu hiyo kwa ulimi wetu. Mimi ni mzaliwa na wageni nawaona kila wiki, nitasema jambo moja na naomba mlishike: kabla hujapanga lolote uliza maji. Usiulize hoteli ina bei gani kwanza, uliza Jumamosi maji yanajaa saa ngapi. Manake huku kila kitu kinafuata hapo. Unataka kwenda Shela, kijiji cha jirani hapa hapa kisiwani, kwa miguu, ni kama kilomita 3 kwa ufuo, maji yakiwa yamepwa unatembea raha mstarehe, yakijaa bahari inapiga ukutani na njia imekwisha, itabidi uchukue boti. Unataka Takwa, yale magofu kule kisiwa cha Manda, hapo ndo kabisa, boti inaingia kwa mkondo uliopita katikati ya mikoko na ule mkondo maji yakikauka hauingiliki, utashuka kwenye tope. Sasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa alfajiri na jioni, mchana yamekauka. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndo yanakuja kujaa katikati ya asubuhi. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hiyo saa aliyokupa rafiki yako aliyekuja wiki jana haikufai wewe. Nahodha yeyote pale jeti atakwambia bila kuangalia simu.

Na haya ya kuuliza maji si mambo ya watalii tu. Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la kisiwa cha Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kuivamia Amu, wakashindwa, walipokimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamepwa. Waliuawa pale pale ufuoni. Baada ya hapo ndo wazee wakataka msaada kwa Seyyid Said wa Oman na ngome ikamalizwa, hiyo hiyo unayoingia wewe asubuhi.

Takwa msiiache kama maji yanaruhusu. Ni mji wa karne ya 16 na ya 17, watu walihama, msikiti umesimama na mnara wake juu ya kibla, kaburi la nguzo lipo nje ya ukuta, na watu wa Shela mpaka leo huenda kule kuomba mvua.

bintiLangoni
Kaka MwanaAmu kasema kweli, ila nyinyi wanaume mmesahau tumbo. Nakuja kila nikipata nafasi kumuona bibi yangu na naleta marafiki wa Nairobi, hawa mwanzo huwa wanakimbilia hoteli za Shela, chakula kizuri sikatai, lakini asubuhi amka mapema pita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, kuna mahamri na mbaazi ya nazi, kuna mkate wa mofa umetoka motoni saa hiyo hiyo, ukichelewa utakuta umeisha. Jioni tembea mtaa wa Langoni ule mishkaki na viazi karai barazani, sharubati ya ukwaju mkononi. Samaki wa kupaka agiza asubuhi kwa mtu anayepika nyumbani akuchomee ya jioni, usingoje njaa ikushike ndo uanze kuuliza.

Dada zangu tukija tujisitiri kidogo tukiwa mjini, leso tu inatosha, kaptula na nguo za kuogelea ni za ufuoni Shela. Wanawake wa huku wakikuona umewaheshimu wanakufungulia mlango. Mgeni wangu mmoja aliitwa ndani na mama asiyemjua, wakaketi kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, akaletewa kahawa na halwa, akaonyeshwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya ukoo, anaizungumza mpaka leo.

Na punda wapisheni, njia ni yao na wamebeba mawe. Ukisikia mtu nyuma anaita "hiyaaa" jibanze ukutani.

NdegeYaWilson
Kwa wa Nairobi: ndege inatua Manda, unashuka unatembea mpaka jeti, boti kidogo uko mji wa Lamu. Ndege ni ndogo na uzani wa mzigo ni mdogo, mimi nakuja na kibegi cha mgongoni basi. Kuna wakati tiketi yangu ya Jumapili ilisogezwa nyuma bila ujumbe wowote, nikajua baada ya kupiga simu mwenyewe, kwa hiyo Jumamosi jioni pigeni simu mhakikishe saa. Boti ya kurudi Manda mwambie nahodha siku moja kabla, na bei mkubaliane kabla hujatia mguu chomboni.

MtuWaMalindi
Mi nawapenda Waamu lakini nitatetea kwetu. Mtu wa Mombasa akija Malindi hapotezi Ijumaa yake, Jumamosi asubuhi uko Gedi unazunguka magofu ndani ya msitu, mchana unaona ile nguzo ya Vasco da Gama aliyefika 1498, Jumapili unarudi umelala usingizi wa kutosha. Ukiwa huna ruhusa ya Ijumaa, Lamu iache, utaishia kuiona kupitia dirisha la basi.

MtokaMvita
Mtu wa Malindi hapo una haki, bila Ijumaa mimi pia siendi. Mwana wa Amu nimekupata, nimetazama kalenda, wikendi ninayoitaka mwezi utakuwa mpevu. Kwa hiyo asubuhi Shela kwa miguu, Takwa naweka jioni maji yakipanda, au nimekosea? Na boti ya watu wanne mpaka kule tujipange na pesa ngapi siku hizi?

MwanaAmu
Hujakosea. Asubuhi toka saa tatu. Bei sitakuandikia hapa manake inategemea mafuta na chombo, ukitaka ya tanga itakuwa rahisi kidogo lakini upepo ndo utaamua saa ya kurudi, na wewe una basi Jumapili, chukua ya mashine.