Naomba ushauri: bia mpya za viwanda vidogo, nizinywe mapema au nizitunze?

Habari zenu wadau. Mimi ni mpenzi mkubwa wa bia za viwanda vidogo, na kila toleo jipya likitoka natamani kulionja. Shida ni kwamba matoleo yanakuja haraka kuliko ninavyokunywa, na sasa friji imejaa makopo.

Wiki iliyopita nilifungua IPA moja, zile bia zenye mwonekano wa ukungu na hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu). Ilikuwa na miezi mitano tangu ifungwe. Nilipoionja ikiwa mpya ilinukia embe na machungwa, lakini safari hii imegeuka kahawia na ladha yake ni kama kadibodi iliyolowa. Iliniuma kweli, maana ilikuwa bia nzuri mno. Najua oksijeni kidogo tu inatosha kuua harufu ya hopsi, na joto ndilo linaharakisha uharibifu huo.

Upande wa pili nina stauti nzito (bia nyeusi), kilevi asilimia 11, iliyolazwa kwenye mapipa ya bourbon, yaani wiski ya Marekani. Hizi wengi husema zinanoga zikikaa. Je, niiache mwaka mzima, au ule utamu wa pipa utafifia? Na lambiki, ile bia ya Ubelgiji yenye ladha ya uchachu, ikiwa na kizibo, niisimamishe au niilaze kama mvinyo?

Pia mnachaguaje toleo la kununua? Natamani kuonja yote, ila naona ni heri nipate machache yakiwa bado mabichi. Tarehe ya kufungwa mnaiangalia kwanza, au mnaamini jina la kiwanda?