Naenda New Zealand kusoma, buti zangu za kuvulia zina soli ya felti na naambiwa ni marufuku kule. Naombeni ushauri

Kambale_wa_Hombolo

Mbukwenyi wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima raha toka juzi na hapa nyumbani sina wa kumuuliza, kila nikianza kuelezea wanaona nahangaika na viatu tu.

Iko hivi. Mwezi wa pili naondoka kwenda New Zealand, Christchurch, nimepata nafasi ya kusoma mambo ya malisho. Mimi ni mtu wa ndoano toka nikiwa darasa la tatu, wikiendi utanikuta Hombolo na nikipata lifti nashuka hadi Mtera, kwahiyo niliposikia kule kuna mito ya samaki trauti ambayo mtu wa kawaida akikata leseni anavua nilifurahi kuliko hata siku ya barua ya chuo. Sasa mwezi wa sita nilipata pale Sabasaba kwenye mitumba buti za kuvulia, zile unavaa na ovaroli ya mpira unaingia mtoni hadi kifuani. Elfu thelathini na tano baada ya kubishana nusu saa. Chini badala ya mpira zimewekwa felti, yaani kitambaa kizito kilichoshindiliwa, nene karibu kidole, kama kile kinacholazwa chini ya zulia. Ukikanyaga jiwe lenye utelezi mguu haubanduki. Nilizipenda mno.

Juzi nikamrushia picha mwenyeji wangu wa kule, akajibu hapohapo nisije nazo, soli za felti haziruhusiwi mtoni, kuna mwani mbaya unasambazwa na viatu. Nikachukua tochi nikaanza kuzikagua. Kwenye mshono pale soli inapokutana na ngozi kuna kitu kimekaukia, kahawia inayoenda kijani, kama nyuzinyuzi za pamba, nilivyochokoa na kijiti kikatoka na mchanga mweusi unaong'aa, mchanga ambao Hombolo haupo. Hapo ndo moyo ukaanza kwenda mbio. Hizi buti zilivaliwa mto gani kabla ya kufika Dodoma? Na mimi nimeshaingia nazo bwawani mara nne!

Naomba anayejua anieleze, hiyo sheria ikoje, je nikizifua vizuri naweza kwenda nazo, na hapa Hombolo nimeshaharibu au bado?

Mzoefu_wa_Kusini

Hongera sana mdogo wangu kwa chuo. Nimeishi Kisiwa cha Kusini, hukohuko iliko Christchurch unakoenda, miaka kadhaa, nakueleza ninachokijua.

Huo mwani unaitwa didymo, wenyewe wanauita makamasi ya mawe ingawa ukiushika hautelezi, uko kama sufi iliyolowa. Uligundulika kule 2004 kwenye mto Waiau, mkoa wa Southland, na ukatembea mto kwa mto hadi serikali ikakitangaza Kisiwa cha Kusini chote kuwa eneo la udhibiti. Unafunika mawe chini ya mto kama blanketi, na wadudu wanaoliwa na trauti wanaishi kwenye mawe hayohayo. Kisiwa cha Kaskazini mpaka leo haujaonekana na wanaulinda huo mpaka kwelikweli. Soli za felti zikapigwa marufuku na Fish & Game, ndo wanaosimamia leseni za trauti, toka 2008. Sio ushauri, ni kanuni, ukikutwa nazo mtoni una kesi.

Halafu uwanja wa ndege. Kwenye fomu wanauliza kama umebeba vifaa vya nje vilivyotumika, viatu vya porini, vifaa vya uvuvi. Taja KILA KITU. Mimi nilitaja buti zangu za mlimani, afisa akazipindua akakuta udongo kwenye meno ya soli, akaenda kuzisafisha akanirudishia, hata senti sikulipa. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni hakutaja tufaha moja la kwenye ndege akapigwa faini dola 400 za kwao. Ukitaja hawana shida na wewe, shida ni kuficha.

Mama_Vifaranga

Mwanangu mimi sijui trauti ila nafuga kuku broila Nkuhungu mwaka wa saba huu, na hiki unachokisema nakielewa moja kwa moja. Mlangoni kwa banda langu kuna beseni la dawa, hata awe mchungaji anakanyaga kwanza. Kideri kilishaingia kwangu na kiatu cha mteja aliyetoka kununua kwa mwenzangu, asubuhi nazoa kuku mia mbili na kitu, nililia. Kwahiyo usione ni mambo ya viatu tu. Kiatu ndo mlango.

Area_D

Mkuu usitishike, hizi sheria nyingine wanaweka wanatoa. Marekani kuna jimbo la Vermont walipiga marufuku felti 2011 wakaja kuiondoa wenyewe 2016. Kamba za viatu zinabeba maji, soksi zinabeba maji, ovaroli inabeba maji, kwanini waonewe wavaa felti? Na usalama je, mtu akiteleza akazama? Zifue, zianike, nenda nazo.

Mzoefu_wa_Kusini

Kaka Area_D, la Vermont ni kweli, ila hukohuko Marekani Alaska nao walipiga marufuku 2012, mbuga ya Yellowstone wakafata 2018. Na zaidi ya yote kijana haendi Vermont, anaenda sehemu ambayo kanuni iko hai, ni mgeni na yuko kwa viza ya mwanafunzi. Usimwambie azibebe tafadhali. La kuteleza nakubaliana na wewe, ni hatari kweli, ndo maana watu kule wanavaa soli ya mpira iliyopigwa vijiti vya chuma, vinauma jiwe vizuri tu, na fimbo mkononi.

Dada_Maabara

Naomba niingie hapo kwenye "kwanini felti". Kamba na soksi kweli zinabeba maji, hilo Area_D hajakosea, na ndo maana hata mwenye soli ya mpira kule anatakiwa kusafisha kila kitu akihama mto. Ila felti ni sponji iliyoshindiliwa, juu inakauka, ndani inabaki na unyevu siku nyingi. Kanuni yao wanasema kagua, safisha, kausha. Kagua ni kuchomoa uchafu wote unaouona. Safisha kwa ule mwani ni maji yenye sabuni ya vyombo asilimia 5, yaani nusu lita ya sabuni ichanganywe na maji mpaka zifike lita kumi, au maji ya moto nyuzi 60 walau dakika nzima, na kitu kinachonyonya maji kinakaa muda mrefu zaidi maana dawa lazima ifike katikati. Kausha maana yake kikauke nje na ndani kabisa UKIGUSA, halafu kuanzia hapo ndo uhesabu saa 48 nyingine. Watu wengi wanahesabu 48 toka walipoanika, hapo wanajidanganya.

Sio mwani tu. Kuna konokono wadogo wa milimita tano hivi, asili yao ni New Zealand hukohuko, Marekani walionekana mto Snake, Idaho, 1987 na sasa wako majimbo mengi. Jike anazaa bila dume, kwahiyo mmoja akijibanza kwenye mshono wa buti anatosha kuanzisha ukoo. Na kuna kimelea kinachowapata trauti wachanga, kinakula gegedu mpaka samaki anazunguka akifukuza mkia wake hadi anakufa, nacho kinaishi kwenye matope, yale matope unayotoka nayo.

Sasa Kambale, kuhusu Hombolo punguza presha. Didymo ni wa maji ya baridi, maangavu, yenye mawe. Bwawa letu ni vuguvugu na tope, hauwezi. Kile kimelea kinahitaji samaki jamii ya trauti, na Hombolo hawapo. Na mitumba inakaa kwenye kontena mwezi na zaidi imebanwa, kwa uwezekano mkubwa kila kilichokuwemo kilikufa njiani. Ila umefanya vizuri kuuliza. Hizo nyuzi ulizochokoa unazo? Usizitupe, naomba niziangalie kwenye hadubini.

Mvuvi_Mtera

Wakuu na mimi niseme la huku. Tunahangaika na mwani wa Wazungu wakati hapa kwetu mtu anachota vifaranga vya samaki kwenye ndoo bwawa hili anaenda kumwaga bwawa lile, hajui kachota nini, kabeba na konokono, kabeba na magugu yamejiviringisha kwenye wavu. Wavu ukitoka maji haya kesho uko maji mengine haujawahi kuona jua. Babu zetu wa Kanda ya Ziwa walikuwa wanakula ngege, miaka ya 50 wakoloni wakamleta sangara na sato, leo muulize kijana wa Mwanza ngege anafananaje. Ngege huyohuyo ambaye kwa Kiingereza jina lake limebeba Singida yetu hapa jirani! Afu mwishoni mwa miaka ya 80 likaja gugu maji. Yote haya yalibebwa na mtu au na chombo cha mtu.

Halafu swali, huyo trauti mwenyewe kule si mgeni?

Mzoefu_wa_Kusini

Ni mgeni kaka, mayai yake yaliletwa toka Tasmania 1867, na kuna vijisamaki vya asili vya kule vimeumia kwa sababu yake. Hata Kenya waliletewa na Waingereza 1905 mto Gura. Wanalijua hilo. Wanasema huyu ameshakuwa wa nyumbani, tunamlinda kwa kanuni, asiingie wa pili wa kumaliza vyote. Na kitu kimoja kitakushangaza Kambale, kule trauti HAUZWI. Sheria hairuhusi kumuuza wala kumnunua, sokoni humkuti wala hotelini, ukitaka kumla ukavue mwenyewe au upewe na aliyevua. Nadhani ndo maana watu wanaitunza mito ile kama mboga ya watoto wao.

Fundi_Majengo

Mkuu mimi fundi viatu. Hiyo felti nang'oa, naweka soli ya tairi kama ya makatambuga, napiga na vijiti vya chuma. Elfu kumi na tano umemaliza. Ila ukweli lazima nikwambie, gundi ya zamani haitoki yote na kile kitambaa cha ndani kinachoshika mguu nacho kinanyonya maji vilevile.

Kambale_wa_Hombolo

Asanteni sana wakuu, sikutegemea kupata majibu mazito hivi. Nimefanya jaribio baada ya kusoma maneno ya Dada Maabara. Nililoweka buti moja usiku kucha kwenye ndoo, asubuhi nikaitundika kwenye kamba uani, na mnajua jua la Dodoma la mwezi wa kumi na upepo wetu, shati linakauka saa moja. Jioni felti ilikuwa kavu juu kabisa, mtoto angesema imekauka. Siku ya tatu nikachukua kijiko nikakandamiza katikati ya kisigino kwa nguvu. Ikatoka alama nyeusi ya unyevu, na kijiko kikalowa. Siku ya tatu, Dodoma! Sasa kule kwenye baridi na mvua itakuwaje.

Kwahiyo siendi nazo, hilo limeisha. Nitanunua za mpira hukohuko nikipata vijisenti, hata za mkono wa pili.

Bonde_la_Kihansi

Nimechelewa uzi ila kuna la kwetu wenyewe linafanana na hili na sijaona limetajwa. Vyura wa Kihansi. Wamegundulika 1996, hawapatikani kokote duniani zaidi ya pale kwenye manyunyu ya maporomoko, bwawa la umeme likapunguza maji, wakawekewa mabomba ya kunyunyiza wakaanza kurudi vizuri, halafu 2003 wakafa kwa mkupuo na waliopimwa wakakutwa na ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura. 2009 ikatangazwa hawapo tena porini, waliobaki ni wale waliopelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, wakaanza kurudishwa 2012. Ukungu ule unaishi kwenye maji na tope bichi, na buti ni moja ya njia zinazotajwa kuusafirisha. Kwahiyo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, hapana.

Mvuvi_Mtera

Umenigusa mkuu. Kuanzia kesho nyavu zangu zinaanikwa, na wale vijana wangu wanaoingia miguu peku nawanunulia gambuti maana na kichocho nacho kipo.

Kambale_wa_Hombolo

Wakuu mrejesho. Fundi ameng'oa felti zote mbili, nimezichoma nyuma ya nyumba, zilitoa moshi mbaya kama nywele. Sikutaka kuzitupa jalalani mtu akaokota. Buti nimeloweka kwenye sabuni, zimewekwa tairi, namwachia mdogo wangu na nimemwambia ni za Hombolo tu, Mtera asizivushe. Zile nyuzi nilimpelekea Dada Maabara kwenye kichupa cha dawa.

Dada_Maabara

Nimeziangalia leo asubuhi. Nyingi ni nyuzi za felti yenyewe na mabaki ya majani. Ila katikati kuna maganda ya mwani wa aina ile inayojijengea ganda kama la kioo, na mawili yana umbo la chupa ya soda, shingo nyembamba na kitako kipana, ndo umbo la didymo. Siwezi kula kiapo kwa maganda mawili, nimemtumia picha mwalimu wangu. Yako tupu, hayana rangi ndani, yalishakufa muda mrefu. Nimeyaacha chini ya lenzi Kambale, kesho nipo hadi saa sita mchana, pita uyaone kabla sijasafisha kioo.