Uyoga wa makapi ya mkonge: ni chakula au ni dawa?

Mkulima wa Muheza:
Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninalima mamama, aina ya uyoga, katika kibanda cha makuti huku Muheza, kwa kutumia makapi yanayotoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, ambayo huyaozesha kwanza, nikayachemsha kwa mvuke ndani ya pipa, ndipo nikapanda mbegu kwenye mifuko. Wateja huniuliza kama uyoga huu unatibu kisukari, na shangazi yangu, mgonjwa wa miaka mingi, ameanza kuruka vidonge kwa kuwa anaula kila siku. Tafiti zinasemaje?

Bwana Shamba:
Wa aleikum salaam. Kwa upande wa kilimo uko sawa: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa porini, mmojawapo wa jamii ya mamama, juu ya makapi ya mkonge yaliyoozeshwa. Singa, yaani nyuzi za mkonge, ni takriban asilimia 4 tu ya jani, na sehemu kubwa inayobaki ni makapi, kwa hiyo malighafi haitakuishia.

Mfamasia, Tanga mjini:
Ndugu yangu, nakuomba shangazi arudi kliniki kesho, wala asiruke kidonge hata kimoja. Ni kweli kwamba Japani iliidhinisha dawa zitokanazo na uyoga, Krestin mwaka 1977 na lentinani mwaka 1985, lakini hizo zilichujwa na kupimwa dozi, na mgonjwa wa saratani alipewa pamoja na matibabu mengine, si badala yake. Mamama ni chakula chema kwa mwenye kisukari, kwa kuwa kina nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Waambie wateja hivyo, na usiandike neno “tiba” kwenye pakiti. Ukitaka kuwaongezea faida, uanike juani ukiwa umegeuza mapezi (vikunjo vya chini ya kofia) yaelekee juu, kwa sababu mwanga wa jua hugeuza kemikali iitwayo ergosteroli iliyomo kuwa vitamini D.

Mkulima wa Muheza:
Ahsanteni sana. Shangazi amekubali, nami nitampeleka mwenyewe. Swali moja limebaki: kijana anayenisaidia kuvuna anakohoa kila akiingia kibandani.

Bwana Shamba:
Huenda ni vumbi la spora, yaani chembe za uzazi zinazotoka chini ya kofia ya uyoga, linalodhuru mapafu likivutwa kila siku. Vuneni kabla kingo za kofia hazijakunjukia juu, fungueni madirisha mapema, naye avae barakoa. Kikohozi kisipokoma, apimwe hospitali.