Maji ya ndimu asubuhi: dawa ya tumbo au tunajidanganya?

Mleta mada, Barani

Assalaam alaikum wana Malindi. Kila asubuhi pale tunapopandia tuktuk hupita kijana na mkokoteni, spika inalia: "Ndimu, tangawizi, asali! Dawa ya alsa, gesi, kufunga choo!" Watu wanajipanga hata mahamri hayajaiva.

Mimi nilikuwa mmoja wao, miezi mitano. Nikiamka tu, ndimu mbili kwenye bilauri ya maji ya moto, tumbo tupu, nafumba macho nagugumia. Wiki za kwanza nilijiona mwepesi. Mwezi wa tatu chembe cha moyo kikawa kinawaka hata nikinywa uji. Nikaongeza ndimu, maana niliambiwa ukiona inachoma ujue inafanya kazi. Mwisho nikapima choo, nikakutwa na bakteria wa H. pylori. Vidonge siku 14, maumivu yakakatika.

Swali langu: wanaotangaza ndimu kuwa dawa ya alsa waachwe hivihivi?

Mama wa Shela

Pole mwanangu. Lakini ugonjwa wako usiutwike ndimu. Nyanya yangu alimkamulia ndimu kila aliyevimbiwa na pilau ya harusi, na mtu akacheua akashukuru. Nimewahi kupikia nyumba ya Mtaliano. Mama mwenye nyumba akishiba kupita kiasi huchemsha maganda ya limau, kinywaji chao hicho wanakiita canarino. Yeye na nyanya yangu hawakuwahi kuonana. Na mimi nisipokunywa maji yangu ya ndimu, siku mbili choo sikioni. Hilo nalo ni uongo?

Dereva wa tuktuk

Tumbo sijui. Meno ndiyo yamekufa ganzi. Embe mbichi siku hizi naitazama tu.

Muuguzi, natoka zamu

Mama, si uongo, ila tuulizane kazi imefanywa na nani. Maji ya vuguvugu asubuhi, tumbo likiwa tupu, huamsha utumbo na kulainisha choo. Jaribu wiki moja bilauri hiyohiyo bila ndimu, halafu uje utuambie. Wengi wetu tunaamka na kiu, hatunywi mpaka chai, kisha ndimu inapewa sifa ya maji.

Kuhusu alsa naomba nisikilizwe. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na mambo mawili: bakteria huyo, au dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Mtu anabeba mizigo mchana, usiku anameza diklofenaki ya mgongo bila kula, asubuhi anakunywa ndimu kutibu tumbo alilolichoma mwenyewe. Hao ndio ninaowapokea, wengine wanatapika damu.

Na ndimu haimuui H. pylori. Asidi ya tumbo ni kali kuliko ndimu uliyoizimua kwa maji, na yeye anaishi humohumo, anatengeneza amonia ya kuizima asidi inayomzunguka. Zamani hata madaktari walisema vidonda ni mawazo na pilipili. Barry Marshall wa Australia alipoona haaminiwi, mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe. Siku chache tu tumbo likavurugika, akawa anatapika. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel mwaka 2005. Mtu amekunywa ugonjwa ili tupate tiba, sisi tunarudi kwenye mkokoteni!

Mwenye kiungulia naye ajihadhari. Njia ya chakula ikishachubuka, kila tone la ndimu linatonesha.

Kaka wa tuktuk, asidi inalainisha gamba la jino. Ukishakunywa sukutua kwa maji matupu, na usipige mswaki mpaka ipite nusu saa.

Muuza matunda, sokoni

Mnatuharibia biashara bure. Ndimu ni dawa tangu enzi. Vasco da Gama mwenyewe alipopita hapa mwaka 1499, mabaharia wake fizi zimevimba, waliomba nini? Machungwa ya Malindi! Ni ukoo mmoja na ndimu.

Mwalimu mstaafu

Ndugu yangu, hadithi imalizie. Machungwa waliletewa, na bado wengi walikufa hapahapa. Tena ule ulikuwa kiseyeye, upungufu wa vitamini C, wala haukuwa ugonjwa wa tumbo. Dawa ya kitu kimoja si dawa ya kila kitu. Na huu uvumi kwamba ndimu inaondoa asidi mwilini nao uachwe: asidi ya damu inasimamiwa na mapafu na figo, kinachobadilika ni mkojo.

Muuguzi

Mwalimu, hapo kwenye mkojo ndimu ina haki yake, inasaidia kuzuia baadhi ya mawe ya figo. Na pahali pake hasa ni sahanini. Ikamulie kwenye mbaazi au mchicha, mwili unachukua madini ya chuma vizuri zaidi. Wajawazito wangu nawahimiza hilo kila siku. Guinea-Bissau, kwenye mlipuko wa kipindupindu miaka ya 1990, waliotia ndimu kwenye mchuzi hawakuugua kwa wingi kama wengine. Maji ya kunywa lakini chemsheni, msije mkasema nimeruhusu.

Mama wa Shela

Haya, wiki moja bila ndimu. Nikifunga choo nitakuja kukugongea wewe.

Mleta mada

Leo nimempitia kijana wa mkokoteni, nimemwambia aliondoe neno alsa, mengine abaki nayo. Akaendelea kukata ndimu zake, mbegu anazitoa kwa ncha ya kisu moja moja. Kisha akasema, "Kaka, juisi kila mtu anauza. Nikilitoa hilo neno, watasimama kwangu kwa lipi?" Sikuwa na jibu. Nimenunua kikombe, nimekinywa baada ya mbaazi. Spika nimeisikia mpaka nafika kazini, na alsa imo.