MREJESHO: Nzi waliokuwa wakiwauma ng'ombe wangu hapa Kiwangwa

Ndugu wafugaji, nawashukuru sana. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini ng'ombe wangu wanapigapiga miguu mchana kutwa na maziwa yanapungua, ingawa zizi nalisafisha kila asubuhi. Mmoja wenu akanijibu: usitazame zizini tu, tazama na shambani.

Alisema kweli. Jirani alikuwa ameng'oa mananasi yaliyozeeka, akarundika mashina na majani kando ya ua wangu. Nilipolichimbua lile rundo, juu lilikuwa kavu, chini rojorojo lenye harufu ya uchachu, na mabuu meupe ya nzi tele. Nzi huyu anayeuma ng'ombe si yule wa jikoni: mdomo wake umechongoka mbele kama sindano, na dume na jike wote hunyonya damu, hasa miguuni. Hata Kosta Rika mabaki ya mananasi yamewatesa wafugaji vivyo hivyo.

Nilikaa na jirani, tukaelewana. Tukayakatakata mabaki yale, tukayatandaza juani tabaka jembamba hadi yakakauka kabisa. Wiki ya kwanza sikuona nafuu, roho ikaniuma. Kumbe nzi waliokwisha kutoka rundoni walikuwa bado wanaruka. Wiki ya tatu ng'ombe wakalala chini, wakicheua kwa utulivu. Maziwa yameanza kurudi.