Naomba ushauri: bakteria wanarefuka tu, hawagawanyiki

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dar, nafanya mradi wa mwaka wa mwisho. Nimeotesha bakteria aina ya E. coli kwenye mchuzi wa maabara wa kukuzia bakteria, wenye sefaleksini (dawa ya antibiotiki) kidogo. Kwenye hadubini, badala ya vijiti vya kama mikromita 2, naona nyuzi ndefu zilizojikunja kama tambi, ila unene ni uleule!

Najua dawa hii inakizuia PBP3, kimeng'enya kinachojenga ukuta wa katikati seli inapogawanyika, huku protini ya MreB ikiendelea kuongoza ujenzi wa ukuta wa ubavuni. Sawa. Sasa nitajuaje kama uzi ni seli moja au mnyororo wa seli zilizoshindwa kuachana? Rangi ya Gram (ile ya kawaida ya kupaka bakteria) hainionyeshi mipaka ya seli, na rangi za kung'aa zinazoonyesha utando wa seli ni ghali, bajeti ya mwanafunzi mnaijua. Kuna njia ya bei nafuu? Jamani, msiniambie nimuulize msimamizi, kasafiri.